Nani Analipia Uji wa Saa Nne?

Anayetaka kujua watoto wa Dar es Salaam wanakula nini asianzie hospitali wala shuleni. Aende Chamazi, Mbande au Toangoma, au avuke jiji mpaka Bunju na Mabwepande, aingie katika moja ya nyumba ambamo akina mama huacha watoto alfajiri wakiwahi daladala, kisha aombe kuonyeshwa hotpoti. Atazikuta zimepangwa juu ya kabati au pembeni mwa mkeka, nyingine zimeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito. Hii ina wali na maharage. Ile ina chipsi zilizonunuliwa jana usiku. Ya tatu ina maandazi mawili, na kando yake chupa ya chai ya rangi. Na wapo watoto wasio na hotpoti yoyote, ambao mama zao wamemwachia mlezi shilingi mia tano, au wameomba wazilete jioni wakirudi.

Chakula hicho kilipikwa saa kumi usiku na kitaliwa saa saba mchana. Kwa joto la Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, saa tisa ni muda mrefu mno kwa wali wa nazi uliofunikwa ungali moto. Mlezi huinua kifuniko, hunusa, na huamua. Kilichochacha anamwaga. Kisha anapunguza kwa huyu mwenye kingi, anamwongezea yule mwenye kidogo, na kinachopelea anakichota kwenye sufuria ya wanawe. Hana namna nyingine, maana watoto kumi hawawezi kukaa mkeka mmoja, saba wakila na watatu wakitazama.

Mwanamke huyo anatoa ruzuku ya chakula kwa jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na hakuna bajeti ya umma inayomtambua. Ninaandika kudai kwamba halmashauri zianze kulipia sehemu ya sahani hiyo. Zilipe kabla mlezi hajaenda sokoni. Na zisimsubiri awe na cheti cha usajili ndipo zilipe.

Nyumba hizi hazikuzuka kwa uzembe wa wazazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni sheria nzuri. Lakini mama lishe wa Tandika hana mwajiri wa kumpa likizo. Hana pia mwenye genge, wala msusi, wala mama anayefua nguo za watu Masaki, wala binti anayefanya kibarua cha kutwa kiwandani Chang'ombe bila mkataba. Wengi wao hurudi kutafuta riziki mtoto akiwa na wiki chache tu. Zamani angeletwa bibi kutoka kijijini, au mdogo wa mama aliyemaliza darasa la saba. Leo bibi mwenyewe bado analima, mdogo mtu yuko sekondari, na nashukuru yuko huko, na dada wa kazi anahitaji mahali pa kulala ambapo familia iliyopanga chumba kimoja Mbagala haina. Anabaki jirani.

Jirani huyo mara nyingi ni mwanamke wa makamo, pengine mjane, pengine mama mwenye mtoto wake mdogo ambaye naye hana wa kumwachia. Alianza kwa kuombwa amwangalie mtoto mmoja. Ikaonekana ana moyo, wakaja watatu, na sasa ni kumi au kumi na wawili, wa miezi minne hadi miaka mitano, katika sebule moja na kibaraza. Mtaa unamwita bibi, au mama fulani, na kila mtu anajua mlango wake. Serikali haimjui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na kabla yake ilikuwapo sheria ya mwaka 1981 iliyohusu vituo hivyo hivyo. Masharti yake yanamfikiria mtu mwenye kituo, yaani jengo, uwanja, vyoo vya watoto na walezi waliosomea. Aliyepanga vyumba viwili hayawezi, kwa hiyo akisikia afisa ustawi wa jamii yuko mtaani hutuliza watoto ndani na kufunga mlango.

Sasa tupige hesabu yake. Tuseme analea watoto kumi, na kila mmoja analipiwa shilingi 1,500 kwa siku. Siku ambayo wote wamekuja na wote wamelipa, ambayo ni siku ya nadra, ana shilingi 15,000. Humo anunue unga, sukari, mkaa, maji, sabuni, mboga ya mchana kwa wale wasio na hotpoti, na kodi ya nyumba isogee kidogo. Kinachobaki ndiyo ujira wake wa kazi ya saa kumi na mbili. Hapa ndipo ulipo ugumu ambao semina za lishe hazijawahi kuugusa: ujira wa mlezi na lishe ya mtoto vinatoka mfuko mmoja. Kila kijiko cha karanga anachoongeza kwenye uji anajikata mwenyewe. Kila yai analomgawia mtoto mdhaifu ni nauli ambayo hatakuwa nayo kesho. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei yake ikaruka, hakuweza kupandisha ada, kwa sababu mama wa mtoto naye alikuwa ananunua sukari hiyo hiyo.

Tena ananunua kwa bei mbaya kuliko sisi wengine. Hana fedha ya kwenda Tandale kuchukua gunia, au Mabibo kuchukua mkungu wa ndizi. Ananunua kwa mangi wa kona: unga robo, mafuta ya kupima, sukari ya kufungwa kwenye kijifuko, mkaa wa kopo. Kwa kila kipimo analipa zaidi ya anayenunua kwa jumla, na mwaka ukiisha amelipa kiasi ambacho kingemnunulia jiko la gesi. Kwa upande wa jiko, serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Naunga mkono yote mawili. Ila moshi unaomfikia mtoto mchanga aliyelazwa hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa uko kwenye nyumba ya watoto kumi na wawili, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa taasisi.

Na sahani yenyewe ina nini? Saa nne asubuhi ni uji, mara nyingi wa sembe nyeupe na sukari. Mchana ni wali au ugali na mchuzi wa maharage, au mchicha, au dagaa siku zikiwa nzuri. Jioni chai, kama mama amechelewa kwenye foleni ya Kilwa Road. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 9 hadi 23 anayenyonya apate milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitafunwa kimoja au viwili akihitaji. Mtoto anayefikishwa kwa mlezi saa kumi na mbili asubuhi na kuchukuliwa saa moja jioni, akifika nyumbani amelala begani, atakula milo hiyo wapi kama si pale? Tunamfundisha mama kliniki namna ya kuandaa chakula cha nyongeza, jambo jema, lakini sehemu kubwa ya siku mkono unaoshika kijiko ni wa mtu mwingine ambaye hakuna aliyemwalika kliniki.

Walezi wengi wanaamini suluhisho ni unga wa lishe, na biashara yake imeshamiri mitaani: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, nafaka saba au nane katika mfuko mmoja. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakionya juu ya mchanganyiko huo. Ushauri wao ni unga wa nafaka moja au mbili, kisha karanga, maziwa au dagaa viongezwe wakati wa kupika. Karanga ikishasagwa na kukaa dukani huchacha, na karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya ndiyo makazi ya sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mlezi anayenunua mfuko wa bei juu akidhani anawatendea mema watoto anaweza kuwa ananunua hatari. Wakati huo huo dagaa wanapimwa kwa sahani Feri na Tandika, mchicha unavunwa kila wiki mabondeni, ndizi zinashuka Mabibo kila asubuhi. Vyakula vya kumjenga mtoto viko ndani ya jiji hili na vingi si vya bei kubwa. Kinachokosekana ni shilingi mia chache za ziada kwa kila mtoto, kila siku, zikiwa mkononi kabla jiko halijawashwa.

Kuna atakayesema Dar es Salaam haina tatizo, kwamba udumavu ni wa mikoa mingine. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, ikiwa imeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16, na kwamba mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Lakini wastani wa mkoa unamchanganya mtoto wa Oysterbay na wa Mbagala Kuu katika tarakimu moja. Na hiyo mikoa mitatu inatufundisha jambo linalohusu moja kwa moja mkeka wa Chamazi.

Mwaka 1983 serikali, kwa ushirikiano na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka katika siku ya afya ya kijiji, matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji mbele ya wazazi, na kukawa na vituo vya kulishia watoto wakati mama zao wako shambani. Utapiamlo mkali ulipungua kwa kiasi kilichoifanya dunia ije kutazama. Uzoefu huo wa Iringa ulikuwa miongoni mwa misingi ya mfumo wa kueleza chanzo cha utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao hadi leo wanafunzi wa lishe wa nchi nyingi huanza nao masomo: mtoto hudhoofu kwa kukosa chakula, au matunzo, au afya, na yote matatu yanahitajika kwa pamoja.

Sasa mtu atauliza, kama Iringa ilifanya vizuri hivyo, mbona leo inaongoza kwa udumavu? Swali hilo ndilo hasa linalonipa imani na hoja yangu. Iringa inavuna mahindi ya kulisha mikoa mingine. Njombe ina viazi, maziwa na maparachichi. Chakula kipo. Asichokuwa nacho mtoto wa huko ni mtu mzima mwenye muda wa kumlisha mara nne kwa siku, kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, na vile vituo vya kulishia havikuwekewa fungu la kudumu mpango ulipokwisha. Mama wa Mbagala naye yuko kazini tangu alfajiri. Tofauti ni kwamba yeye amepata wa kumlishia, jirani yake, na tunamwacha jirani huyo abebe gharama peke yake.

Nchi hii haikosi historia ya kulijali jambo hili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Mwaka huo huo redio ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee wetu wengi wanakumbuka vikundi vya kusikiliza chini ya mwembe. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulihimiza vituo vya watoto vijijini na mijini. Kizazi hicho kilielewa kwamba mama akiitwa kwenda kuzalisha, taifa lina deni kwa mtoto aliyebaki.

Leo deni hilo limeandikwa vizuri, ila limelipwa kidogo. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Septemba 2022 wakasaini tena, safari hii yeye akiwa Rais. Halmashauri zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Elfu moja kwa mwaka. Fedha hiyo ina kazi nyingi, kuanzia usimamizi na mafunzo hadi matone ya vitamini A na upimaji, na si ajabu haifiki kwenye sufuria. Desemba 2021 ikazinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ikitaja lishe ya kutosha miongoni mwa nguzo zake tano. Upo pia mwongozo wa chakula shuleni, unaoanzia darasa la awali. Ukiviweka vyote pamoja utaona shimo: kliniki inamwona mtoto mara moja kwa mwezi, shule inampokea akikaribia miaka mitano au sita, na miaka ya katikati, ambayo mwili na ubongo vinajengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, anakula kwa jirani bila msaada wa mtu.

Wengine wamekwishaliona shimo hili. Marekani ilianza mwaka 1968 kwa majaribio ya kulipia chakula cha watoto wadogo wanaolelewa nje ya nyumba zao, na katikati ya miaka ya 1970 ikawaingiza walezi wanaolea majumbani mwao. Hadi leo mlezi huandika kila siku nani alikuja na alikula nini, hupeleka orodha kwa shirika linalomsimamia, na hurudishiwa kiasi maalumu kwa kila sahani, kwa milo miwili na kitafunwa kimoja kwa mtoto kwa siku. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1996, walezi wa maeneo maskini hulipwa kiwango cha juu zaidi. Mkaguzi anafika nyumbani mara tatu kwa mwaka. Fedha hiyo imekuwa moja ya sababu zinazowavuta walezi kutoka mafichoni na kuingia kwenye daftari la serikali.

Kolombia inatufaa zaidi, kwa kuwa mitaa yake ilifanana na yetu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 serikali iliwakuta wanawake wa vitongoji maskini wakilea watoto wa majirani, na badala ya kuwafungia ikawapa chakula, pamoja na unga uliorutubishwa unaotengenezwa na taasisi yake ya ustawi wa familia, kila mwanamke akilea takriban watoto kumi na wawili hadi kumi na watano nyumbani kwake. Akina mama hao walipigania kwa miaka mingi kutambuliwa kama wafanyakazi, na mwaka 2014 wakaanza kupata mikataba na mshahara wa kima cha chini. Walitambuliwa kwanza kwa chakula, na haki ya ajira ikaja miaka mingi baadaye.

Hapa jirani, Rwanda imejenga vituo vya malezi ya awali vinavyoendeshwa majumbani kwa zamu za wazazi, na ina unga uliorutubishwa kwa kaya maskini zenye wajawazito na watoto wadogo. Nairobi ilianza Dishi na County mwaka 2023: mtoto analipa shilingi tano za Kenya kwa kugusisha bangili yake kwenye mashine, na kaunti pamoja na shirika la Food4Education wanafidia gharama iliyobaki. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Walengwa wake ni shule za msingi za umma na madarasa ya awali, na kwa hiyo mtoto wa miezi kumi na minane aliyeachwa kwa jirani Mukuru yuko pale pale alipo mwenzake wa Mbagala.

Hata hivyo, kuuchukua utaratibu wa Marekani mzima mzima na kuuleta Temeke kungekuwa kosa. Ule ni utaratibu wa kurudishiwa: mlezi anunue, apike, aandike, asubiri mwezi uishe, ndipo alipwe. Mlezi wetu ananunua unga robo kwa sababu hana ya nusu. Ukimwambia atumie yake kwanza na atarudishiwa baada ya siku thelathini, umemwambia akakope kwa riba za mtaani, zile za kausha damu, au apike uji mwepesi wakati anasubiri. Nani asiyejua madai ya serikali yanavyoweza kuchelewa? Malipo yawe ya wiki, yatangulie, yaingie kwenye simu kama TASAF inavyolipa baadhi ya kaya zake. Nusu inaweza kuwa kwa namna ya hati ya kununulia kwa mangi au genge lililokubaliwa mtaani, kwa vyakula vilivyotajwa: maharage, dagaa, karanga, mayai, mboga, mafuta. Wiki ikiisha anaonyesha daftari la mahudhurio, wiki inayofuata inaingia.

Kiasi gani? Ningeanza na shilingi 500 kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi, mlezi wa watoto kumi atapata 130,000, zote za chakula, na ada ya wazazi ibaki kuwa ujira wake na uendeshaji. Hivyo lishe na ujira vitaachana mfuko, na ndilo badiliko ninalolitaka kuliko yote. Kata yenye walezi ishirini na watoto mia mbili itahitaji milioni 2.6 kwa mwezi, milioni 31.2 kwa mwaka. Manispaa yenye watoto laki moja chini ya miaka mitano inatakiwa kutenga milioni 100 za lishe kwa kanuni ya elfu moja, kwa hiyo kata ya majaribio inaweza kuanza bila kusubiri fungu jipya. Kwenda manispaa nzima kutahitaji fungu jipya, na sifichi hilo. Halmashauri za Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazokusanya mapato makubwa nchini, na tayari zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Milioni 31 hazifiki hata robo ya bei ya shangingi moja jipya.

Watoto hewa nimewafikiria. Tumeona watumishi hewa na wanafunzi hewa mwaka 2016, na ni wajibu kuogopa. Marekani yenyewe katika miaka ya 1990 iligundua wizi katika mpango huu, na mwingi ulikuwa kwenye mashirika ya kati yaliyopewa kusimamia walezi. Funzo langu ni kupunguza watu wa kati. Mtaa una faida ambayo ofisi haina: mjumbe, mangi na majirani wanajua kwa hakika ni watoto wangapi wanaingia mlango ule asubuhi. Orodha ibandikwe ofisi ya mtaa, wazazi waisome. Na tangu Januari 2024 kuna mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano; mhudumu akipita kila mwezi na utepe wa kupima mzunguko wa mkono, atahesabu watoto na kugundua aliyedhoofika kwa safari moja. Mkono ulio chini ya sentimita 11.5 hauhitaji mjadala, unahitaji rufaa siku hiyo hiyo.

Hofu ya usalama ni nzito zaidi, na siibezi. Watoto wameumia na kudhulumiwa katika nyumba za majirani, na hakuna sahani inayofidia hilo. Ndiyo maana nasisitiza chakula kitangulie cheti. Mlango uliofungwa afisa akipita hautufungulii lolote. Mlango unaosubiri malipo ya Jumatatu utafunguliwa, na atakayeingia ataona jiko liko wapi, maji yanahifadhiwaje, mtoto mchanga analala wapi, nani mwingine anaishi mle. Mwaka wa kwanza kuandikishwa mtaani kutoshe. Mwaka wa pili mafunzo mafupi ya usafi, lishe na ulinzi wa mtoto. Mwaka wa tatu usajili, kwa daraja linalolingana na nyumba ya watoto wasiozidi idadi fulani, ambalo wizara inapaswa kulitungia kanuni zake. Atakayekuwa hatari afungiwe hata siku ya kwanza.

Na kwa wanaosema kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi: mzazi huyo analipa ada kila siku, anafunga hotpoti saa kumi usiku, na anapanda daladala amesimama. Anafanya kazi yake. Anachangia pia, kwa kodi ya kila kitu anachonunua, kulipia mikutano ambamo lishe ya mwanawe inajadiliwa.

Programu ya malezi na makuzi inafikia mwisho wa muda wake mwaka wa fedha 2025/26, na itakayofuata inapaswa kuwa na mstari unaosomeka wazi: chakula cha mtoto anayelelewa kwa jirani. Kata moja ya Temeke na moja ya Kinondoni zinatosha kuanzia, na ipo kazi ya kutangulia ambayo haihitaji hata shilingi. Kila mwenyekiti wa mtaa aandike walezi wa mtaa wake na idadi ya watoto wa kila mmoja, akiwaahidi mbele ya mjumbe kwamba orodha haitatumika kuwafungia. Diwani atakayeingia kwenye baraza la bajeti na orodha hiyo mkononi atamuuliza mkurugenzi watoto hawa wametengewa kiasi gani, na jibu litaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.